Taa ya Epictetus

Katika Matendo 17:18 tunasoma kwamba Paulo alipokuwa Athene alikutana na Wastoiko. Wengi wetu hulipita neno hilo upesi, maana tuna haraka ya kufika Areopago. Leo na tusimame hapo kidogo.

Mstoiko mmoja aliyeishi baadaye kidogo alikuwa mtumwa. Epictetus alizaliwa mwaka 50 hivi B.K. huko Hierapoli, mji ule ule anaoutaja Paulo katika Wakolosai 4:13. Bwana wake huko Rumi aliitwa Epafrodito (si yule wa Wafilipi), mtu wa nyumba ya Kaisari Nero. Tena Epictetus alikuwa kiwete. Alipopata uhuru wake alifundisha Rumi, mpaka Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, naye akahamia Nikopoli, pale ambapo Paulo alikusudia kukaa wakati wa baridi (Tito 3:12). Hakuandika kitabu, mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaandika mafundisho yake.

Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: nia zetu na hukumu zetu zi katika uwezo wetu, mwili, mali na cheo haviko. Anayevitegemea hivyo amejifunga kamba shingoni, na anayeishika kamba hiyo ni mtu mwingine. Yeye aliyekuwa mtumwa alijua alisemalo. Usiku mmoja mwivi aliiba taa yake ya chuma. Epictetus akaona kwamba kesho atanunua ya udongo, basi. Tena, kwake yeye, aliyepata hasara ni mwivi, kwa kuwa kwa ajili ya taa moja alikubali kuwa mwivi. (Baada ya kufa kwake mtu mmoja aliinunua ile ya udongo kwa drakma 3,000, akidhani atapata na hekima ya mwenyewe!)

Paulo naye, katika Wafilipi 4:11, alitumia neno walilolipenda Wastoiko, neno la kuwa radhi na hali. Lakini Paulo alipewa nguvu hiyo na Mwingine. Mstoiko aliitafuta ndani ya nafsi yake.

Hapo ndipo tunaposhindwa kumfuata. Alifundisha kwamba mtu ambusupo mtoto wake ajikumbushe kuwa anambusu mwenye kufa, ili siku ya msiba asifadhaike. Sisi tuliosimama kando ya makaburi madogo hatuwezi kumwambia mama maneno hayo. Bwana wetu mwenyewe alimlilia Lazaro.

Ila habari zake haziishii hapo. Epictetus aliishi miaka mingi peke yake, bila mke wala mtoto. Inasimuliwa kwamba rafiki yake mmoja, kwa umaskini, alitaka kumtupa mtoto wake mchanga, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Yule mwalimu kiwete, mzee sasa, akamchukua mtoto, akamtafutia mwanamke wa kumlea nyumbani mwake.