Mkono wa Jauza: Historia ya Jina Litajwalo Mara Tatu

Wapenzi wa sinema walingoja miaka 36 kupata sinema ya pili ya mchezo ule wa mizimu wa kuchekesha, Beetlejuice, alioutengeneza Mmarekani Tim Burton katika mwaka 1988. Ile ya pili ilifungua tamasha la Venice tarehe 28 Agosti 2024, nayo yaitwa Beetlejuice Beetlejuice. Mengi yamekwisha andikwa juu ya waigizaji wake. Hapa nitashughulika na jina, kwa kuwa asili yake i karibu nasi kuliko idhaniwavyo.

Ndani ya sinema jina la mzimu huyo huandikwa Betelgeuse, na hilo ni jina la nyota nyekundu ya kundi liitwalo Orion. Waarabu waliiita Yad al-Jauza, yaani mkono wa Jauza. Jauza twamjua: katika falaki ya pwani ni buruji ya tatu, baada ya Hamali na Thauri, ingawa kwa Waarabu wa kale jina hilo lilikuwa la Orion yenyewe. Vitabu vya elimu ya nyota vilipofasiriwa kwa Kilatini katika zama za kati, herufi ya, yenye nukta mbili chini, ilisomwa kuwa ba, yenye nukta moja. Mkono ukapotea, ikabaki sauti isiyo na maana. Aliyepata kusoma hati zetu za kale za tenzi ayajua maradhi hayo. Nukta moja ikifutika, neno zima huhama.

Jina lililopotewa na maana halikosi kutafutiwa nyingine. Sikio la Mwingereza lilisikia humo mbawakawa na maji ya matunda, na sinema yaufanya mchezo huo mbele ya macho yetu. Mzimu hana uwezo wa kulitamka jina lake; basi humwonyesha msichana Lydia vitu hivyo viwili, naye Lydia akalikisia. Likitajwa mara tatu, mzimu huja. Likitajwa tena mara tatu, huondoka.

Hapo yafaa tulinganishe na uganga wa pwani. Pepo akishapanda kichwani, mganga humwuliza jina, na pepo hujitaja mwenyewe kwa kinywa cha mgonjwa, kisha hueleza atakacho. Jina ni mali ya pepo. Kwa Burton ni mali ya wamwitao, na kichekesho chote chatoka humo: mjivuni mkubwa, ahadi tele kinywani, lakini mlango wake hufunguliwa kwa ulimi wa mtoto.

Kati ya sinema hizo mbili, jina halikulala. Palikuwa na katuni za televisheni toka 1989 hata 1991. Pakaandikwa mswada wa kumpeleka mzimu Hawaii, usitengenezwe. Na katika 2019 pakawa na mchezo wa nyimbo huko Broadway. Michael McDowell, mmoja wa watungaji wa hadithi ya kwanza, alifariki katika 1999.

Kwa maoni yangu sinema ya pili imebeba mizigo mingi mno. Yule mke wa zamani wa mzimu, kwa mfano, angeweza kuachwa asiharibike mtu. Lakini jambo moja imelifanya vizuri. Lydia, aliyelikisia jina kwa furaha ya utoto, sasa ni mama mwenye kuliogopa, kama wazee wetu walivyotukataza kumtaja nyoka usiku. Na bintiye anapochukuliwa kuzimu, hana budi kulitaja. Kichwa cha sinema chalitaja mara mbili tu, ya tatu yaachiwa mtazamaji, au pengine mfanya biashara.

Mfasiri wa Kiswahili atakuwa na kazi. Akiandika Mkono wa Jauza, nyota itarudi mahali pake na fumbo la Lydia litakufa. Akiandika kwa mbawakawa na maji ya matunda, fumbo litaishi, ila hapana Mswahili atakayeitikia jina hilo. Mimi ningeandika Bitojusi, nikamwachia msomaji nukta zake.