Kipande Hakikuisha, Kilibadilisha Jina Tu

Wasee, kila wiki napata meseji zilezile. "Visa ya wapi ndio rahisi?" "Saudia ama Dubai?" "Kazi ya kutunza wazee Uingereza bado iko?" Leo sitaongea bei ya visa. Leo ni historia, na mjue niliacha chuo, kwa hivyo msitegemee profesa. Ni kijana wa Chwele na stori ambayo shuleni tulipitishiwa haraka haraka.

Wengi wetu tunadhani vibali vya kuishi na kufanya kazi ni mambo ya majuu. Zii. Babu zetu walitembea na kibali cha kazi wakiwa hapahapa Kenya, kilomita chache kutoka nyumbani.

Tuanze na mpaka. Hadi 1902, huku kwetu kulihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakahamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ukaingia upande huu ambao baadaye ukaitwa Kenya. Mtu wa Chwele alibadilishiwa nchi bila kufunga hata begi. Ndugu zetu Wamasaba wakabaki ng'ambo ya Lwakhakha. Hakuna aliyeulizwa.

Halafu njoo Kitale. Vita vya kwanza vya dunia vilipoisha, serikali ya kikoloni ikaanza mpango wa 1919 wa kuwagawia mashamba wanajeshi wa Uingereza waliotoka vitani. Sehemu ya mashamba hayo ilikuwa Trans Nzoia, malisho ya watu wa huku, Wasabaoti wakiwemo. Mgeni anashuka kwa meli, anapewa shamba. Sasa nani alime hilo shamba?

Hapo ndipo kipande kinaingia. Sheria yake ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa vita vilipoisha. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alisajiliwa, akachukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kubeba kila mahali. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kijikebe cha chuma. Polisi akikupata bila kipande, ni faini ama jela.

Lakini shida kubwa haikuwa kile kijikebe. Kwenye karatasi kulikuwa na jina la mwajiri, mshahara, siku uliyoanza na siku uliyoachishwa. Ukitaka kuhama, mwajiri alifaa kutia saini kwamba amekuachilia. Asipotia, huwezi kuandikwa kihalali kwingine. Ukitoroka, alama za vidole zinatumika kukutafuta. Yaani mshahara unaweza kuwa mbovu, setla anakuchapa, na ruhusa ya kuondoka iko kwa kalamu ya huyohuyo setla.

Walioishi mashambani na familia zao, wale maskwota, walifungwa na sheria nyingine. Ya 1918 iliwataka wafanyie setla kazi angalau siku 180 kwa mwaka ili wabaki pale. Ya 1937 ikaruhusu siku hadi 270, na mabaraza ya masetla yakapewa nguvu ya kupunguza ng'ombe wa skwota. Hicho kilikuwa kibali cha ukaazi kabisa, isipokuwa aliyekihitaji alikuwa mwenyeji.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alipinga kipande, akakamatwa Machi 1922, na waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi. Huku kwetu Elijah Masinde wa Kimilili na Dini ya Msambwa walitaka Wazungu waondoke. Dini ikapigwa marufuku 1948, Masinde akapelekwa Lamu.

Na sikia hii. Mwaka wa 1947 serikali ilileta sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote. Masetla walipoambiwa nao watoe alama za vidole, walipiga kelele kwamba wanadhalilishwa. Kumbe walijua.

Sasa rudi kwa zile meseji zenu. Saudia kuna mfumo wa kafala. Kibali chako cha kuishi, iqama, kimefungwa kwa mwajiri wako, kafili. Ukimtoroka hata kama hakulipi, anaweza kukuripoti kuwa mtoro, na unakamatwa. Machi 2021 walilegeza masharti kwa wafanyakazi wengine, lakini mabadiliko hayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio dada zetu wengi. Uingereza nayo, visa ya kazi imefungwa kwa mwajiri aliyekudhamini. Ukiachana naye, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mwingine ama uondoke. Kazi za kutunza wazee zenyewe walifunga kuajiri kutoka nje Julai 2025. Na tusijifanye watakatifu, kibali cha kazi cha Daraja D hapa Kenya pia hupewa mgeni kwa kazi ya mwajiri mmoja.

Sisemi ni kitu kimoja. Babu hakuomba kipande, wewe unajaza fomu mwenyewe na mshahara unaweza kusomesha wadogo zako. Nenda, sikuzuii. Ninachosema ni kwamba ile nguvu ya setla, ya kushikilia saini ya kuondoka, bado iko ndani ya karatasi nyingi.

Kwa hivyo ajenti akikuitisha pesa, usimuulize tu visa inachukua wiki ngapi. Muulize kibali kimeandikwa kwa jina la mwajiri gani. Muulize ukitaka kubadilisha kazi, nani lazima akubali. Muulize pasipoti itakaa kwa nani, kisha usome mkataba mwenyewe kabla ya kusaini. Akianza kukasirikia maswali, hilo tayari ni jibu.

Na kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kufanya kazi kwa shamba la mzungu huko Kitale, ama aliyesikia stori kwa babake, kaa naye jioni moja kabla hujapanda ndege. Muulize saini ilikuwa inapatikanaje.