Kikapu cha Udongo na Viti vya Baraza

Katika masimulizi ya kale ya nchi za karibu na Ziwa Mweru, Zambia, kutoka Mwansabombwe hadi Nchelenge, hapana lenye uzito wa hati kama lile la Nachituti, dada wa Nkuba mtawala wa Washila, ambaye, nduguye alipomwulia mwanawe, alikwenda kumshitaki kwa Mwata Kazembe wa Walunda. Na Nkuba alipokwisha kuuawa, bibi huyo alimkabidhi Mwata kikapu cha udongo na chungu cha maji, kuwa dalili ya kumpa nchi na ziwa pamoja. Basi milki ya Walunda juu ya ardhi na maji hayo, kwa ushahidi wao wenyewe, asili yake ni hiba ya mwanamke.

Waingereza walipoweka mamlaka za wenyeji kwa sheria ya mwaka 1929, hukumu za vijiji ziliwekwa mikononi mwa machifu na wazee, aghalabu wanaume. Hata hivyo, kazi ya ziwa haikumngoja mwanamke apewe kiti. Tangu biashara ya chisense, wale vidagaa wavuliwao usiku kwa taa, iliposhamiri katika miaka ya 1980, wanawake ndio wapokeao samaki alfajiri pale Kashikishi kando ya ziwa, wakawaanika, wakawageuza upande jua lisikowafikia, wakawakusanya mbio wingu likitanda, kisha wakawatia magunia kwa safari ya miji ya migodi ya shaba. Ajuaye hasara ya mvua moja ana neno la kusema katika kamati za uvuvi zilizoruhusiwa na sheria ya mwaka 2011, na kumwacha nje ni kuinyima kamati yenyewe maarifa.

Sheria imekuja kwa hatua. Mwaka 1997 nchi za kusini mwa Afrika ziliahidi wanawake asilimia 30 ya nafasi za maamuzi ifikapo 2005. Itifaki yao ya mwaka 2008 ikapandisha kiwango hadi nusu ifikapo 2015. Mwaka huo wa 2015 Zambia ikapata sheria ya usawa wa jinsia, Inonge Wina akawa Makamu wa Rais na Ireen Mambilima Jaji Mkuu. Na katiba iliyorekebishwa mwaka 2016, katika ibara ya 259, ikamtaka kila mwenye mamlaka ya kuteua agawe nafasi nusu kwa nusu, ila ikiwa haiwezekani.

Nyadhifa kubwa za mabibi hao wawili, kwa heshima yote wanayostahiki, hazikujaza bodi za mashirika wala mabaraza yanayosimamia wauguzi, mawakili na wahandisi, na mlango wa kukwepa umo katika maneno yale ya mwisho ya ibara. Tunawasihi wenye kuteua, kuanzia Lusaka hadi halmashauri ya Nchelenge: kila mtakaposema haiwezekani, andikeni udhuru wenu, mtaje kiti chenyewe na mahali mlikomtafuta mwanamke wa kukikalia, na waraka huo ubandikwe hadharani usomwe na kila mtu.