Haki ya Kufanya Nini? Mjadala juu ya Chanzo cha Vita vya Marekani, 1861–1865

Neno "haki" ni tukufu, lakini halijitoshelezi. Mwanafunzi akituandikia kwamba watu fulani "walipigania haki yao", twapaswa kumwuliza: haki ya kufanya nini? Kwa swali hilo twaweza kuupima ubishi wa siku nyingi juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa Marekani baina ya Kaskazini na Kusini.

Wako washikiliao kwamba utumwa haukuwa chanzo. Wasema kuwa Kusini ilichoshwa na ushuru wa forodha, tena ilitetea haki za majimbo mbele ya serikali kuu. Tusizidharau hoja hizi kabla ya kuzipima.

Tuanze na ushuru. Sheria ya mwaka 1857 iliupunguza, na wabunge wa Kusini waliiunga mkono. Sheria iliyoupandisha ilitiwa sahihi Machi 1861, majimbo saba yakiwa yamekwisha kujitenga.

Na haki za majimbo je? South Carolina, jimbo la kwanza kujitenga, lilitoa azimio Desemba 1860 likilalamika kuwa majimbo ya Kaskazini yalikataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Yaani liliyalaumu majimbo mengine kwa kuitumia haki hiyohiyo! Mississippi nalo, Januari 1861, lilitamka wazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Katiba ya dola mpya ya Kusini ikalikataza bunge lake kutunga sheria ya kuondoa haki ya kumiliki watumwa, ambao kwa hesabu ya mwaka 1860 walikaribia milioni 4. Basi jibu la swali letu waliliandika wenyewe.

Hata hivyo, hapana budi kusema kweli ya upande wa pili. Kaskazini haikuingia vitani ili kuukomesha utumwa. Rais Abraham Lincoln alikusudia kwanza kuuokoa Muungano, na majimbo manne yenye watumwa, Kentucky na Maryland yakiwamo, yalibaki upande wake. Tangazo la uhuru lilitolewa Januari 1863. Watu weusi wapatao 180,000 wakaingia jeshini. Na Desemba 1865 katiba ikaupiga utumwa marufuku. Sababu ya Kusini kujitenga na shabaha ya Kaskazini kupigana ni mambo mawili. Wengi hubishana bure kwa kuyachanganya.

Wala habari hii si ya ng'ambo tu. Kabla ya vita, viwanda vya Massachusetts vilifuma nguo kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Merikebu za Salem zikaileta Unguja kubadilishana na pembe za ndovu, na wapagazi wakaichukua bara hadi Tabora na Ujiji. Vita vilipoikatiza pamba hiyo, nguo za Uingereza na Bara Hindi zikajipenyeza sokoni. Lakini lugha yetu ilikuwa imekwisha kuipa nguo ile jina lililodumu: amerikani.

Tulifundishapo neno hilo, tusiishie kusema kuwa ni aina ya kitambaa. Tuwaeleze wanafunzi ni mikono ya nani iliyoichuma pamba yake. Kuitaja haki bila kumtaja aliyenyimwa ni kuiacha sentensi bila mwisho.