Nokia, Tecno na laini mbili

Jamani, tuandike kidogo historia ya simu. Kabla ya uhuru wa 2011, hapa Juba mtu aliyetaka apatikane alibeba laini mbili: Gemtel, iliyotumia namba za Uganda (+256), na Zain, iliyotumia za Sudan (+249). Mji mmoja, namba za nchi mbili! Yaani simu ya laini mbili ilikuwa dawa yetu kabisa.

Nani aliileta? Tecno, chapa ya Kichina iliyoanza 2006, iliingiza laini mbili Afrika mwaka 2007. Lakini wakubwa wetu waliiita "Mchina", eti haimalizi mwezi. Wao walikuwa watu wa Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile ya tochi, iliyouzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Sifa ilistahili, hatukatai. Kambini, tochi na chaji ya siku nyingi si mchezo. Ila mapenzi yalizidi: Nokia nayo ilipotangaza simu ya laini mbili 2010, ndipo wakasema hiyo sasa ni akili. Akili ileile!

Mwaka 2014 Nokia ilikamilisha kuuza biashara yake ya simu kwa Microsoft. Leo Mangateen ni zamu yetu sisi vijana. Mwenye itel anachekwa, hadi mwingine anauza unga wa mgao aongezee hela ya Tecno. Na zote mbili ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen.