Kishikwambi na Daftari: Mwalimu wa Kanda ya Ziwa Hujifunzia Wapi?

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wake wa kujifunza kwa mtandao chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA). Kutokana na hayo imejengeka hoja kwamba mwalimu wa kisiwani Ukara sasa anakua kitaaluma sawa na mwenzake wa Nyamagana, jijini Mwanza, maana wote wawili wanafungua moduli ileile. Makala haya yanaipinga hoja hiyo. Moduli huletwa na mtandao, lakini ujuzi wa kufundisha hukomaa pale walimu wanapoizunguka kazi ya wanafunzi wao wenyewe.

Kwamba semina zinazoshushwa ngazi kwa ngazi hupungua uzito njiani, hakuna anayebisha tena. Ubishi uko kwenye neno "jumuiya", pale inaposemwa kwamba walimu wajifunze katika jumuiya za kujifunza. Lave na Wenger (1991) walieleza jinsi wakunga na washonaji wanavyojifunza kazi kwa kushiriki kidogo kidogo katika utendaji wa waliowatangulia. Leo wapo wanaowanukuu ili kuhalalisha kila kundi la WhatsApp lenye walimu mia mbili. Huko ni kuwasoma nusunusu. Mwanagenzi wa ushonaji alishika nguo ileile aliyoishika fundi wake. Pasipo kitu kinachoshikwa kwa pamoja, kilichopo ni orodha ya majina.

Nitoe mfano mmoja. Katika shule moja ya msingi wilayani Ukerewe nilihudhuria kikao cha jumuiya ya kujifunza. Kishikwambi kilikuwa mezani, kimeishiwa chaji. Mwalimu wa Taaluma akafungua madaftari ya Darasa la Tatu: 402 − 178. Wanafunzi wengi walikuwa wameandika 376. Mwalimu mmoja akasema watoto hawa hawajui kukopa. Mwingine akafuatisha jibu kwa kidole, safu kwa safu: nne toa moja, tatu, saba toa sifuri, saba, nane toa mbili, sita. Kila mahali mtoto ametoa ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Kimya kikapita, kisha mwalimu wa madarasa ya chini akasema, "Jamani, si mimi ndiye niliyewaambia hivyo? Kila siku nawaambia namba ndogo hutolewa kwenye kubwa." Kanuni yake ilitosha Darasa la Kwanza, Darasa la Tatu iligeuka mtego. Kosa hilo lilikuwa katika kauli yake mwenyewe, na moduli iliyoandikwa mbali isingeweza kuisikia. Walioisikia ni wenzake.

Kujifunza kwa vikundi kutoka kwenye kazi yenyewe si jambo geni hapa. Mradi wa majaribio wa kisomo wa Serikali na UNESCO, uliokuwa na makao yake Mwanza kati ya 1968 na 1972, ulitunga vitabu kwa kufuata kazi za watu: pamba, uvuvi, migomba, ng'ombe. Mwaka 1973 kampeni ya redio kuhusu afya, Mtu ni Afya, iliwafikia watu wapatao milioni mbili nchini, nao walisikiliza katika vikundi vyenye viongozi wao. Redio ndiyo iliyokuwa mtandao wa enzi zile, lakini vyoo vilichimbwa na vikundi.

Nitaulizwa: shule yenye walimu watano, wote wakiikimbia hisabati, si itakuwa kipofu kumwongoza kipofu? Swali ni zito, na hapo ndipo mtandao unapostahili nafasi yake. Picha ya ukurasa ule ikitumwa kwa mkufunzi wa chuo cha ualimu cha Butimba pamoja na swali lililoandaliwa kikaoni, mtandao umepata kazi. Walimu wakianza na moduli ndipo watafute tatizo la kuifananisha nalo, wamegeuza mambo.

Kikao kimoja hakiwezi kuusemea mkoa mzima. Hata hivyo kinatosha kubadili swali la ukaguzi. Afisa Elimu Kata asiishie kuhesabu moduli zilizokamilishwa. Aulize ni daftari la nani lililofunguliwa wiki hii, na ni kauli gani ya mwalimu iliyobadilika baada ya hapo. Jumuiya isiyoweza kujibu swali hilo, hata ikiwa na bando la mwaka mzima, bado haijaanza kujifunza.