Damu chafu

Mlandizi hadi Kisarawe, mtu akitoka maabara na chembe nyeupe nyingi za damu husema: “Wamenikuta na damu chafu.” Sina hamu na neno hili, linamtia mgonjwa aibu, kumbe mara nyingi chembe hizo ni askari walioitwa kazini. Kwa mtu mzima kawaida ni 4,000 hadi 11,000 kwa mikrolita. Zikizidi, uliza aina: nyutrofili hupanda kwa bakteria, eosinofili kwa mzio na minyoo, na kwa anayeshinda majarubani bonde la Ruvu, kichocho kifikiriwe. Ujauzito, sigara na prednisoloni nazo huzipandisha. Malaria peke yake, ajabu, mara nyingi haizipandishi. Zikivuka 100,000, slaidi iwekwe chini ya hadubini siku hiyohiyo. Huenda ni saratani ya damu.